Faili likigoma kwenye kona: utatuzi wa matatizo ya mafaili ya mashine katika mifereji ya mizizi iliyopinda

Faili la nikeli-titani, yaani kifaa chembamba cha chuma kinachozungushwa na mota kuchonga mfereji wa mzizi wa jino, likikatika kwenye mfereji uliopinda, lawama ya kwanza huenda kwa jina lililoandikwa kwenye pakiti. Daktari anahama aina moja kwenda nyingine, anapunguza kasi ya mota, na bado vipande vinabaki mizizini. Ukweli ni kwamba faili linalozunguka hufa kwa njia mbili: hunyongwa, yaani husokotwa ncha ikiwa imekwama, au huchoka, yaani hupindwa mara nyingi kwenye kona hadi likatike. Njia hizi ziko kinyume. Faili nene hustahimili kunyongwa lakini huchoka upesi kwenye kona. Faili jembamba huvumilia kona lakini hunyongwa kirahisi. Anayebadilisha faili bila kujua la kwanza lilikufaje anabahatisha, na mara nyingi anahamia upande ambao tatizo lake litazidi.

Kwanza soma kona

Kipimo kinachotajwa sana ni cha Schneider cha mwaka 1971. Kinapima nyuzi za mpindo kwenye picha ya eksirei: nyuzi 5 au pungufu, mzizi unahesabiwa umenyooka, 10 hadi 20, mpindo wa wastani, 25 hadi 70, mpindo mkali. Kina upungufu mmoja mkubwa. Mizizi miwili inaweza kuwa na nyuzi 30 sawasawa, mmoja ukipinda taratibu kwa urefu wake wote, mwingine ukikata kona ghafla milimita 3 kabla ya ncha. Mwaka 1997 Pruett na wenzake walionyesha kwamba nusu kipenyo cha kona kina uzito wake chenyewe: kona ikibana, faili hukatika baada ya mizunguko michache zaidi, hata kama nyuzi hazijabadilika. Kwa hiyo unapoangalia picha usiishie kuuliza mzizi umepinda kiasi gani. Uliza pia umepinda ndani ya urefu gani.

Halafu kuna kona ambayo picha haioneshi. Eksirei ya kawaida inalitazama jino kutoka upande wa shavu, hivyo mzizi unaogeukia shavuni au ulimini unaonekana umenyooka. Mzizi wa kaakaa wa gego la kwanza la juu ni mfano unaojulikana: ncha yake mara nyingi inageukia shavuni, na kwenye picha hutaliona hilo. Picha ya pande tatu ya CBCT hutatua swali, lakini kuna kipimo kingine ambacho hakigharimu chochote. Shusha faili la mkono namba 10 (ncha yenye unene wa milimita 0.10) hadi mwisho, litoe taratibu, kisha litazame kabla ya kulifuta. Kama ncha imerudi imepinda, umeshajua kona iko umbali gani na inaelekea wapi. Wengi hulifuta faili hilo na kulitupa bila kulitazama.

Dalili: faili limekatika

Chukua sehemu iliyobaki kwenye hendipisi (mpini wa mota) na uitazame kwa lenzi. Kama karibu na mkato misokoto imefunguka, imekazana kupita kawaida au imegeuka upande, faili limenyongwa: ncha ilikwama, mota ikaendelea kuzungusha shina. Kama misokoto iko sawa kabisa na chuma kimekatika kwa kukingama bila dalili yoyote, faili limechoka. Sattapan na wenzake, walipochunguza mwaka 2000 mafaili yaliyokwisha kutumika kwa wagonjwa, waligundua kwamba asilimia 55.7 ya yaliyokatika yalikuwa yamenyongwa na asilimia 44.3 yamechoka. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema mafaili hukatika kwa sababu ya kona tu, ujue ameacha zaidi ya nusu ya habari.

*Limenyongwa.* Hapa kona yenyewe mara nyingi haina hatia. Angalia mambo haya kwa mfuatano: je, kulikuwa na njia ya kutelezea? Je, ncha ya faili ilikuwa nene kuliko mfereji uliokuwapo? Je, mitaro ya faili ilikuwa imejaa vumbi la dentini (sehemu ngumu ya jino inayozunguka mfereji)? Je, ulisukuma?

Njia ya kutelezea ndiyo inayookoa mafaili mengi kuliko kitu kingine chochote. Maana yake ni kwamba kabla ya faili la kuchonga kuingia, faili dogo limeshapita hadi mwisho na linacheza huru, bila kona ya ghafla wala sehemu ya kukwama. Kwa mkono, namba 10 inapaswa kupanda na kushuka milimita chache bila kushika, na ikiwezekana namba 15 pia. Kwa mashine kuna PathFile zenye ncha za namba 13, 16 na 19, zote zikiwa na mchongoko (kiasi ambacho unene huongezeka kutoka nchani kwenda juu) wa asilimia 2, au faili moja kama ProGlider yenye ncha namba 16. Mifereji mingi ya magego iliyopinda hainyooshi mkono kwa namba 15 ya chuma cha pua bila kupigana, kwa sababu chuma hicho kigumu huanza kutengeneza ngazi, yaani kijukwaa kinachozuia faili kupita, kwenye ukuta wa nje wa kona. Ukiona namba 10 inapita vizuri lakini 15 inasumbua, simama hapo na uachie faili la mashine la njia lifanye kazi hiyo.

Chanzo kingine ni kufunga kwa mchongoko. Faili likigusa kuta kwa urefu wake wote, mota inabidi itumie nguvu kubwa kulizungusha, na nguvu hiyo yote inaishia kwenye ncha, ambayo ndiyo sehemu dhaifu. Panua theluthi ya juu ya mfereji kwanza, ili faili linapofika chini liguse kwa milimita chache tu. Utasikia tofauti kwenye mota: sauti inayoshuka na kupanda ni faili linaloomba kutolewa.

Kuhusu mota, weka namba za mtengenezaji wa faili lile, usibaki na za faili la jana. Tofauti si ndogo. ProTaper Next inaendeshwa kwa mizunguko 300 kwa dakika na nguvu ya msokoto kuanzia 2 Ncm (nyutoni-sentimita). HyFlex CM mizunguko 500 na hadi 2.5 Ncm, TruNatomy mizunguko 500 na 1.5 Ncm. Ukiiacha mota kwenye 4 Ncm halafu ukaingiza TruNatomy, umeiondolea mota uwezo wa kukuonya kabla faili halijanyongwa.

*Limechoka.* Faili linapozunguka ndani ya kona, kila upande wa chuma hupita nje ya kona ukavutwa, kisha ndani ukabanwa, mara moja kila mzunguko. Ni kama kupinda waya mbele na nyuma hadi ukatike, ila hapa mota inaupinda mara 5 kwa sekunde ukiwa kwenye mizunguko 300, na zaidi ya mara 8 ukiwa kwenye 500. Faili halionyi. Linakatika likiwa linaonekana jipya.

Hesabu ya makadirio inasaidia kuchagua. Upande wa nje wa faili lililopinda huvutika kwa kiasi kinachokaribia kipenyo cha faili mahali pale, ukigawanya kwa mara mbili ya nusu kipenyo cha kona. Chukua kona yenye nusu kipenyo cha milimita 5, iliyoko milimita 4 kutoka nchani. Faili namba 25 lenye mchongoko wa asilimia 4 lina kipenyo cha milimita 0.41 hapo, hivyo linavutika kwa takriban asilimia 4.1. Lenye mchongoko wa asilimia 6 lina milimita 0.49, sawa na asilimia 4.9. La asilimia 8 lina milimita 0.57, sawa na asilimia 5.7. Sasa bana kona iwe milimita 2.5. Namba zote zinakuwa mara mbili: 8.2, 9.8 na 11.4. Nikeli-titani ya kawaida huweza kuvutwa hadi karibu asilimia 8 na bado ikarudi umbo lake. Chuma cha pua hakifiki hata asilimia 1. Maana yake, kwenye kona ya ghafla hata faili jembamba liko ukingoni, na nene limeshavuka mpaka kabla mota haijazunguka mara ya pili.

Ndiyo maana kwa kona ya ghafla mchongoko wa asilimia 4 una maana kuliko jina la faili. Watu hubishana juu ya chapa huku wakiwa wameshika mafaili ya michongoko tofauti, kisha wanasema moja ni bora. Linganisha kipenyo pale kona ilipo, ndipo ulinganishe kingine.

Kinachofuata ni chuma chenyewe. Mafaili ya zamani kama ProFile, Mtwo, RaCe na ProTaper Universal yametengenezwa kwa nikeli-titani ya kawaida: ukiyapinda yanaruka na kunyooka. Kundi la pili limepashwa joto kwa namna maalumu hadi chuma kikawa laini zaidi kwenye joto la mdomo: HyFlex CM, ProTaper Gold, WaveOne Gold, Reciproc Blue. Ukiyapinda yanabaki yamepinda au yanarudi kivivu. Kati ya makundi haya mawili yako yale ya chuma kiitwacho M-Wire kama ProTaper Next, ambayo yana ustahimilivu kuliko ya kawaida lakini si malaini kama ya kundi la pili.

Ulinganisho ulio safi kuliko yote ni wa ProTaper Universal na ProTaper Gold, kwa sababu umbo ni lilelile: F1 ni namba 20 yenye mchongoko wa asilimia 7 nchani, F2 ni 25 yenye asilimia 8, F3 ni 30 yenye asilimia 9. Kilichobadilika ni chuma tu. Kwenye vipimo vya kona, ya Gold hudumu mizunguko mingi zaidi na hunyoosha mfereji kwa kiasi pungufu. Lakini umbo halijaondoka. F3 milimita 3 kutoka nchani ina kipenyo cha milimita 0.57, rangi ya dhahabu au isiwe ya dhahabu. Faili la namba 26 lenye mchongoko wa asilimia 4 lina milimita 0.38 mahali palepale. Chuma kizuri hakifuti unene, kinauvumilia tu.

Na faida hiyo ina gharama yake. Mafaili malaini kwa kawaida hunyongwa kwa nguvu ndogo kuliko magumu ya umbo lilelile, ingawa huzunguka zaidi kabla ya kukatika. Daktari aliyenyonga faili gumu kwa kukosa njia ya kutelezea, akahamia faili laini akidhani ndiyo dawa, atalinyonga na hilo.

Tahadhari moja kuhusu namba za kwenye vipeperushi. Mafaili yaliyopashwa joto hubadilika tabia kulingana na joto, na yakiwa kwenye joto la mwili hudumu mizunguko michache kuliko yakiwa kwenye joto la chumba. Jedwali linaloonyesha faili moja likishinda jingine kwa mara kadhaa, bila kusema lilipimwa kwenye nyuzi ngapi za joto, lisikusumbue.

Kuna pia njia ya kubadilisha mwendo badala ya chuma. Mwaka 2008 Yared alichapisha njia ya kuchonga mfereji kwa faili moja tu, F2 ya ProTaper, likienda mbele na kurudi badala ya kuzunguka moja kwa moja. Reciproc na WaveOne zilizaliwa kutokana na wazo hilo. Reciproc hugeuka nyuzi 150 upande wa kukata, kisha inarudi nyuzi 30, hivyo inamaliza mzunguko mmoja kwa hatua tatu. Kurudi huko ndiko kunakolifungua faili kabla halijanyongwa, na pia kunaongeza maisha yake ndani ya kona. Kwa mpindo wa wastani ni njia nzuri na ya haraka. Kwa kona kali sana inabaki swali la unene: Reciproc R25 ina mchongoko wa asilimia 8 nchani na WaveOne Gold Primary asilimia 7. Mimi kwa kona ya ghafla huchagua faili lililopashwa joto la asilimia 4, lizunguke moja kwa moja, hata kama itabidi kutumia mafaili mawili au matatu mahali pa moja.

XP-endo Shaper ni ukoo wa peke yake. Ina mchongoko wa asilimia 1 tu, na inapofika kwenye joto la mwili hupinda umbo na kufagia eneo kubwa kuliko unene wake. Kwa sababu kiini chake ni chembamba, kuchoka si shida yake kubwa hata kwa mizunguko 800 au 1000 kwa dakika. Ila inadai njia iliyopanuliwa hadi namba 15 angalau, na ukiilazimisha kwenye mfereji mwembamba utaifungua misokoto.

Mwisho kuhusu kuchoka: muda. Faili likishafika urefu wa kazi, yaani kina ambacho mfereji unatakiwa kuchongwa, litoe mara moja. Kuliacha linazunguka chini kwa sekunde kadhaa ili liandae vizuri hakuandai chochote. Kunaongeza mizunguko palepale kwenye kona na kutoboa upande wa nje. Lisogeze juu na chini muda wote, lisikae sehemu moja ya kona.

Dalili: faili halifiki urefu uliokuwa unafikiwa

Sababu ni mbili, na kidole kinaweza kuzitofautisha. Chukua namba 10 ya mkono. Kama inagonga kitu laini, inazama kidogo na kushika, mfereji umezibwa na vumbi la dentini na mabaki ya pulpa (nyama laini ya ndani ya jino). Kama inagonga ukuta mgumu, haishiki, inarudi kama ilivyokwenda, kuna ngazi kwenye ukuta wa nje wa kona.

Kizibo kinatatuliwa kwa maji mengi ya sodiamu hipokloraiti, faili dogo lililopindwa kidogo nchani, na subira. Usijaribu kukitoboa kwa faili la mashine, utakikandamiza. Mara nyingi kizibo kinatokea kwa aliyepuuza kupitisha namba 10 baada ya kila faili la mashine, nusu milimita hadi milimita 1 kupita ncha, ili njia ibaki wazi.

Ngazi ni kazi zaidi. Chukua namba 8 au 10 mpya, pinda milimita 2 hadi 3 za mwisho kwa ukali kiasi, na ugeuze alama ya stopa ya mpira ielekee upande wa mpindo ili ujue ncha inatazama wapi hata ikiwa ndani. Shusha hadi kwenye ngazi, vuta nyuma kidogo, geuza kidogo, jaribu tena. Unatafuta mahali ambapo faili linashika. Likishika, usilitoe. Cheza nalo robo ya mzunguko kwenda na kurudi, kisha vuta na sukuma kwa mwendo wa milimita 1 au 2, ukibana ncha kwenye ukuta wa ndani, hadi lipite bila kusita. Kulitoa mapema kwa furaha ndiyo njia ya kupoteza mlango uliokuwa umeupata.

Hapa ndipo tofauti ya vyuma inapoonekana waziwazi. Faili la mashine la nikeli-titani ya kawaida haliwezi kupindwa kabla ya kuingia. Linarudi limenyooka, linagonga ngazi ileile na kuichimba zaidi. HyFlex CM, Gold na Blue zinapindika kwa vidole na zinabaki hivyo. Iingize ikiwa imesimama, ipitishe ngazi kwa mkono, ndipo uwashe mota. Kama duka lako la mafaili lina aina ya kawaida tu, malizia mfereji wenye ngazi kwa mkono.

Kuna hali ya tatu inayojifanya ngazi. Katika mzizi wa mesiali (wa mbele) wa gego la chini, mfereji wa upande wa shavu na wa upande wa ulimi mara nyingi huungana karibu na ncha, na mmoja wao huingia kwa mwenzake kwa kona ya ghafla. Faili la mashine likisukumwa kupita kona hiyo hukatika. Kupima: mfereji mmoja ukishachongwa hadi urefu, weka ndani yake koni ya gutapacha (kitu cha kuzibia mfereji), kisha shusha faili la mkono kwenye mfereji wa pili hadi liguse. Toa koni. Ikiwa na alama ya mkwaruzo ubavuni, mifereji inaungana hapo. Chonga mfereji ulionyooka zaidi hadi mwisho, na wa pili hadi kwenye makutano tu.

Dalili: faili linavutwa ndani lenyewe

Unaliona likijikaza na kushuka kwa kasi, na mkono unajikuta unalizuia. Faili limegeuka skrubu. Hutokea zaidi kwa faili lenye makali ya kukata sana na misokoto ya umbali uleule kuanzia nchani hadi juu, hasa mfereji ukiwa na upana unaofanana na wa faili. Ushike mkono usisukume, punguza hatua ziwe fupi, safisha mitaro kila baada ya hatua tatu hivi, osha mfereji, pitisha namba 10. Likiendelea, rudi kwenye faili dogo zaidi. Ni ishara kwamba hatua imerukwa. Hatari yake kwenye kona ni kubwa, kwa sababu ncha ikipita urefu kwa milimita 1 tu inararua tundu la ncha, na huwezi kulirudisha.

Dalili: faili linazunguka lakini halikati

Angalia upande wa mzunguko. Makali ya Reciproc na WaveOne yanakata kinyume cha saa. Ukiyaweka kwenye mwendo wa kawaida wa mota, unaokwenda na saa, yatateleza tu. Vivyo hivyo, faili la kawaida kwenye programu ya kwenda na kurudi iliyotengenezwa kwa Reciproc litarudi nyuma zaidi kuliko linavyokwenda mbele. Kama upande uko sawa, faili limekwisha makali au mitaro imejaa. Litupe au lisafishe.

Dalili: picha inaonyesha mfereji ulionyooka kuliko mzizi

Hili ndilo kosa linaloumiza jino kimyakimya. Kila faili hutaka kunyooka, na linaposhindwa kunyooka linakwangua: karibu na ncha linakwangua ukuta wa nje wa kona, na katikati ya mzizi linakwangua ukuta wa ndani. Chini, tundu la ncha linapanuka kuwa mviringo ulioburutwa, na kizibo cha gutapacha hakilijazi. Katikati, kwenye mizizi ya mesiali ya magego ya chini, ukuta unaotazama katikati ya mizizi miwili ni mwembamba. Mara nyingi ni takriban milimita 1, wakati mwingine pungufu. Faili la mchongoko mkubwa likiegemea hapo, dentini inakwisha na mfereji unatoboka ubavuni. Damu inayotokea ghafla kwenye upande mmoja wa karatasi ya kukaushia, wala si kwenye ncha yake, ni dalili ya tundu hilo.

Mara nyingi kosa limeanzia juu, kwenye shimo la kuingilia. Dentini inayoning'inia juu ya mdomo wa mfereji hulifanya faili liingie limeinama, hivyo kona moja inakuwa mbili. Iondoe, ukikwangua kuelekea nje, mbali na katikati ya mizizi. Wanaopenda mashimo madogo ya kuingilia ili kuokoa jino wanapaswa kukumbuka kwamba faili ndilo linalolipa, na hapo faili laini ni lazima.

Sababu nyingine inasahaulika sana: urefu wa kazi hupungua unapopanua sehemu ya juu, kwa sababu njia ya faili imekuwa fupi. Nusu milimita, pengine zaidi. Aliyepima mwanzoni na hakurudia kupima kwa kifaa cha umeme anachonga nje ya mzizi akiamini yuko ndani. Pima tena baada ya kupanua juu, na kabla ya faili la mwisho.

Usiende ukubwa usiohitajika kwa kuamini kwamba faili nene litasafisha kila mahali. Peters na wenzake walipoangalia kwa picha za tomografia mwaka 2001, asilimia 35 au zaidi ya kuta za mifereji hazikuwa zimeguswa na faili lolote, bila kujali aina. Sehemu hizo husafishwa na maji ya kuoshea. Kwa kona kali, namba 25 yenye asilimia 4 pamoja na uoshaji wa uhakika ni salama kuliko namba 35 iliyonyoosha mzizi.

Dalili: misokoto imefunguka, faili halijakatika

Kwa faili la nikeli-titani ya kawaida jibu ni moja: litupe. Kwa HyFlex CM, misokoto hunyooka kidogo chini ya mzigo na faili hurudi umbo lake ndani ya otoklevu (mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke). Lisiporudi, nalo litupwe. Lililogeuka misokoto upande wa pili halisubiri otoklevu.

Kipande kimebaki ndani

Piga picha kabla ya kujaribu chochote. Swali la kwanza ni kipande kiko wapi ukilinganisha na kona. Kikiwa juu ya kona na unakiona kwa darubini, ncha za ultrasoniki zinaweza kukitikisa na kukitoa. Kikiwa kimepita kona, kukitafuta ni kuchimba dentini ambayo mzizi hauna ya ziada; jaribu kukipita ubavuni kwa namba 8 au 10 iliyopindwa. Kisipopitika, chonga, osha na uzibe hadi pale kilipo.

Swali la pili ni lini kilikatika. Kipande kilichobaki kwenye mfereji uliokuwa umeshasafishwa vizuri, katika jino lisilo na uvimbe kwenye ncha ya mzizi, hupunguza kidogo tu uwezekano wa kupona. Kilichokatika mapema, kwenye mfereji wenye maambukizi ambao bado haujaoshwa, kina uzito mwingine, na hapo ndipo upasuaji wa ncha ya mzizi huweza kuhitajika baadaye. Mweleze mgonjwa siku hiyohiyo, andika kwenye jalada aina ya faili, urefu wa kipande na mahali kilipo, na panga picha ya ufuatiliaji.